Mwenye Heri Isidore Bakanja: Nguvu Ambayo Fimbo Haikuiweza

Watu wote hutafuta nguvu. Mkulima huomba nguvu ya mikono, mgonjwa hutafuta nguvu ya dawa, na mwenye hofu huenda usiku kwa mganga kutafuta hirizi ya kufunga shingoni. Naye mkatekumeni, akisha kufundishwa ya kuwa Mungu ni Mwenyezi, huuliza moyoni mwake: ikiwa Mungu aweza yote, mbona watumishi wake hupigwa, hulia na hufa kama watu wengine? Swali hili si dhambi. Wengi waliuliza hivyo tangu zamani. Katika nchi ya Kongo alikuwako kijana mmoja aliyelijibu kwa mwili wake. Hakuwa padri wala mtawa, wala hakuwa mtu wa cheo. Alikuwa mtumishi wa nyumbani, Mkristo wa miaka michache tu. Jina lake ni Isidore Bakanja.

Kuzaliwa kwake

Bakanja alizaliwa yapata mwaka 1885 katika kijiji cha Bokendela, upande wa Ekweta, mahali penye misitu mikubwa na mito mingi. Baba yake aliitwa Iyonzwa, na mama yake Inyuka. Walikuwa watu wa Boangi, katika jamaa kubwa ya Wamongo. Mtoto alikua kama watoto wa kwao, katika shamba, uvuvi na kazi za msituni. Habari za Yesu Kristo zilikuwa bado hazijafika kijijini.

Siku zile zilikuwa siku za taabu. Tangu mwaka 1885 nchi yote ilikuwa chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kama mali yake mwenyewe. Watu walilazimishwa kwenda msituni kukusanya utomvu wa mpira, na aliyeleta kidogo aliadhibiwa vikali. Fimbo ya ngozi ilijulikana katika kila kituo. Mwezi wa Novemba 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji, lakini katika vituo vya mbali, kando ya mito, desturi mbaya hazikwisha kwa siku moja. Bakanja alikua na kufanya kazi katika siku hizo za fimbo.

Kazi ya uashi na neno la Mungu

Alipokuwa kijana, Bakanja aliondoka kwao akaenda Coquilhatville, mji ambao leo huitwa Mbandaka, palipo maungano ya mto Ruki na mto Kongo. Huko alipata kazi ya kuwasaidia waashi. Alibeba mawe na matofali, alikoroga udongo, alipokea mshahara wake mdogo.

Karibu na mji ule walikaa mapadri Watrapisti, waliotoka katika monasteri ya Westmalle kule Ubelgiji. Walikuwa wamefika upande huo mwaka 1895, wakaanza misioni ya Bamanya, na baadaye nyingine. Bakanja alisikia mafundisho yao. Alijifunza ya kuwa Mungu aliyeumba mto na msitu ni Baba, na ya kuwa Mwana wake alijifanya mtu, akapigwa mijeledi, akafa msalabani, akafufuka. Mafundisho hayo aliyapokea moyoni. Baada ya kazi ya mchana, mwili ukiwa umechoka, alikwenda kujifunza sala na katekisimu, kama wanavyofanya wakatekumeni wa kila mahali.

Sakramenti alizopokea

Tarehe 6 Mei 1906, katika misioni ya Bolokwa-Nsimba, Bakanja alibatizwa, akapewa jina la Isidore. Umri wake ulikuwa kama miaka ishirini. Tarehe 25 Novemba mwaka uleule alipokea Kipaimara. Tarehe 8 Agosti 1907 alipokea Komunyo ya kwanza. Basi mkatekumeni azishike vema siku hizo tatu, kwa kuwa ndiyo hazina yote aliyokuwa nayo Isidore. Kwa Ubatizo alifanywa mwana wa Mungu. Kwa Kipaimara Roho Mtakatifu alimtia nguvu ya kuiungama imani mbele ya watu. Kwa Ekaristi Takatifu alilishwa Mwili wa Bwana.

Pamoja na hayo Isidore alipewa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya kitambaa, vimeunganishwa kwa kamba. Kimoja hukaa kifuani na kimoja mgongoni. Ni mfano wa vazi la watawa Wakarmeli, na aivaaye huonyesha ya kuwa amejiweka chini ya ulinzi wa Mama wa Mungu. Siku zile Wakristo wa Ekweta walijulikana kwa alama hizo mbili: skapulari shingoni na rozari mkononi. Isidore alizipenda zote mbili, na hakuziacha.

Busira na Ikili

Mkataba wake wa kazi ulipokwisha, Isidore alirudi kwao. Hakukaa sana. Alikwenda mpaka Busira, kwenye mto wa jina hilo, ambako ndugu yake mmoja wa ukoo alikuwa akikaa. Huko aliajiriwa kuwa mtumishi wa nyumbani wa Mzungu mmoja wa kampuni ya Kibelgiji iliyonunua na kusafirisha mpira na pembe. Mzungu huyo alipohamishwa kwenda kituo cha Ikili, Isidore alimfuata.

Mkuu wa kituo cha Ikili aliitwa Van Cauter. Mtu huyo aliwachukia wamisionari, na aliwachukia pia wafanyakazi waliosali. Isidore alikuwa mfanyakazi mzuri. Hakuwa mvivu, hakuwa mwizi, wala hakuwa mgomvi. Lakini jioni, kazi ikiisha, alisali rozari yake, na wenzake walipomwuliza aliwafundisha sala. Hakutumwa na mtu kufanya hivyo. Hakuwa na kitabu kikubwa wala mshahara wa ualimu. Alitoa bure kile alichokuwa amepewa bure.

Mkuu wa kituo alipopata habari, alimkataza. Alisema ya kuwa mambo yakiendelea hivyo, kijiji kizima kitakuwa kikisali na hapatakuwa na mtu wa kufanya kazi. Akamwamuru pia avue skapulari. Isidore aliendelea kutii katika kazi yake yote, lakini skapulari hakuivua. Alijua ya kuwa bwana wa kazi ana haki juu ya kazi. Juu ya roho hana. Alipoona hatari inakuja aliomba ruhusa aache kazi arudi kwao. Basi si kweli kwamba alitafuta mateso. Mkristo hapaswi kuyatafuta. Lakini ruhusa alinyimwa, na njia ikafungwa.

Siku ya kupigwa

 Siku moja ya mwaka 1909 mkuu wa kituo alimwona Isidore, na skapulari bado iko shingoni. Hasira ikamwaka. Aliikata kwa nguvu akaitupa kwa mbwa wake. Kisha akaleta fimbo ya ngozi ya tembo, iliyotiwa misumari, akawaamuru wafanyakazi wengine wamlaze chini. Mmoja alipewa fimbo ampige mwenzake. Alisitasita, lakini alitishwa, akapiga.

Isidore alipigwa zaidi ya viboko mia. Misumari ilichana ngozi na nyama. Mkuu wa kituo alimkanyaga na kumpiga mateke. Alipokwisha, miguu ya Isidore ilitiwa minyororo, naye akafungiwa katika nyumba ya kutengenezea mpira. Huko alilala na mgongo ulio wazi, usiku na mchana.

Hapa swali la mkatekumeni hurudi kwa nguvu. Nguvu ya Mungu ilikuwa wapi? Mbona fimbo haikuvunjika, na mkono wa mpigaji haukukauka? Kama skapulari ingekuwa hirizi, ingepasa kusema imeshindwa siku hiyo, kwa kuwa hirizi huahidi kuzuia pigo, na pigo halikuzuiwa. Lakini Kanisa halimpi Mkristo hirizi. Skapulari haina nguvu ndani yake kama dawa ya mganga; ni alama ya mapendo na ya tumaini. Asubuhi ile Isidore angeweza kujiokoa kwa tendo dogo sana, yaani kuinua mkono na kuvua kamba shingoni kabla ya kuonekana. Hakulifanya. Hapo ndipo nguvu ya Mungu ilipokuwa. Haikuwa katika ngozi ya mgongo, bali katika moyo usiokubali kumkana Bwana wake. Hata Bwana Yesu alipokuwa msalabani hakushuka, ingawa watu walimwambia ashuke. Nguvu yake ilionekana kwa kubaki.

Mkaguzi na magongo mawili

Baada ya siku kadhaa ilisikika habari ya kuwa mkaguzi wa kampuni, aliyeitwa Dörpinghaus, anakuja. Mkuu wa kituo aliogopa. Hakutaka vidonda vile vionekane, akaamuru Isidore aondolewe, apelekwe kijiji kingine. Njiani Isidore alijificha msituni. Hakuweza kutembea kwa nguvu, hakuwa na chakula cha kutosha, na nzi waliufuata mgongo wake. Lakini alisubiri.

Mkaguzi alipofika, Isidore alitoka msituni akijikokota juu ya magongo mawili. Dörpinghaus aliviona vidonda vilivyooza na kunuka, akashtuka sana. Baadaye yeye mwenyewe alitoa ushuhuda wa mambo aliyoyaona. Alimlinda Isidore dhidi ya mkuu wa kituo, akamchukua, akajaribu kumtibu. Inafaa kulikumbuka jambo hili, ili mtu asidhani ya kuwa ubaya una rangi. Mzungu mmoja alimwua, na Mzungu mwingine alimwokota. Mweusi mwenziwe alishika fimbo kwa hofu, na Weusi wenziwe wengine walimwuguza kwa huruma. Neema na dhambi hupita katikati ya mioyo ya watu wa kila kabila.

Lakini vidonda vilikuwa vimeingia mpaka mifupani, na dawa hazikufaa. Isidore alipelekwa Busira, kwa ndugu yake na kwa Wakristo wa huko. Hao walimpokea, wakamlaza, wakamwosha, wakamlisha. Walifanya hivyo kwa miezi, ingawa harufu ya vidonda ilikuwa kali. Nguvu ya Mungu ilipita pia katika mikono hiyo, iliyobeba maji na vitambaa kila siku. Majina yao hayatajwi sana. Mungu anayajua.

Msamaha

Tarehe 24 Julai 1909 mapadri walifika Busira, wakakaa naye siku ile na ya pili yake. Waliyasikia maungamo yake, wakampaka Mafuta Matakatifu, wakampa Komunyo. Walimwuliza habari za mateso yake. Isidore alieleza ya kuwa Mzungu yule hakuwapenda Wakristo, na hakutaka avae vazi la Bikira Maria, na alimgombeza alipokuwa akisali.

Ndipo mapadri walipomhimiza amsamehe aliyemtesa. Jambo hilo ni gumu kuliko viboko. Viboko humjia mtu hata asipotaka. Msamaha hautoki ila mtu mwenyewe autake. Wazee wengi wa vijijini wanajua jinsi chuki ya siku moja inavyorithiwa na wajukuu. Tena Isidore hakuwa akilala juu ya majani laini alipoombwa msamaha huo. Alikuwa akilala kifudifudi, kwa sababu mgongo haukuweza kugusa mkeka. Alijibu ya kuwa ameshamsamehe, hana kinyongo naye, na ya kuwa akifika mbinguni atamwombea sana. Hakusema kwamba aliyotendewa yalikuwa haki. Kusamehe si kuita ubaya wema. Ni kumkabidhi Mungu hukumu, na kumtakia uzima yule aliyekutakia mauti.

Hii ndiyo kazi kubwa ya nguvu ya Mungu katika maisha ya Isidore. Fimbo ilitaka mambo mawili. Ya kwanza, aache sala, hakuacha. Ya pili, ingawa mpigaji hakuifikiri, fimbo ilitaka kumfanya Isidore afanane na mpigaji wake, ajae chuki kama yeye. Katika jambo hilo pia fimbo ilishindwa.

Kufa kwake

Isidore aliishi miezi kadhaa tangu siku ya kupigwa. Maumivu yalimmaliza polepole, lakini rozari haikutoka mkononi mwake. Tarehe 15 Agosti 1909 ilikuwa siku ya Dominika, tena sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Wakristo wa Busira walikutana kusali. Baada ya sala, Isidore, aliyekuwa hawezi tena kusimama, aliinuka. Bila kusema neno alikwenda taratibu katika migomba, rozari mkononi, akisali. Watu walimtazama wakastaajabu. Kisha alirudi, akala kidogo, akalala kitandani pake, akafa.

Walimzika na rozari yake, na skapulari shingoni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na michache, na tangu ubatizo wake ilikuwa imepita miaka mitatu na miezi mitatu tu.

Utukufu wake

Isidore alizikwa kama maskini, lakini hakusahauliwa. Mwaka 1917 mabaki yake yalihamishwa mpaka misioni ya Bokote, na Wakristo wa upande ule waliendelea kusimuliana habari zake. Walioyaona mateso yake walihojiwa, na ushuhuda wao uliandikwa. Tarehe 24 Aprili 1994, huko Roma, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Siku hizo maaskofu wa Afrika walikuwa wamekutana Roma kwa ajili ya Sinodi yao ya kwanza. Hivyo mtumishi wa nyumbani wa Ikili aliheshimiwa mbele ya wachungaji wa bara zima. Miaka tisa kabla yake, tarehe 15 Agosti 1985, binti mwingine wa Kongo, mtawa Marie-Clémentine Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, alitangazwa Mwenye Heri mjini Kinshasa. Naye pia alimsamehe aliyemwua.

Fundisho

Katika maisha haya mkatekumeni ashike mambo matatu.

Kwanza, nguvu ya Mungu si nguvu ya uchawi. Mchawi na mganga huahidi ya kuwa mwili hautaguswa, mali haitapungua, adui ataanguka. Mungu hakuahidi hivyo. Aliahidi kukaa pamoja na watu wake mpaka mwisho, na kuwafufua siku ya mwisho. Anayevaa msalaba, medali au skapulari, huku akiificha hirizi chini ya shati, bado hajachagua bwana wake.

Pili, nguvu hiyo huingia kwa sakramenti na kutunzwa kwa sala. Isidore hakuipata siku ya fimbo. Siku ya fimbo ilionekana tu. Aliipokea jioni nyingi alipokuwa amechoka na kazi ya uashi, akajifunza katekisimu. Aliipokea katika Ubatizo, katika Kipaimara, katika Komunyo, katika rozari ya kila siku. Mti haukui siku ya dhoruba. Hukua kabla yake, na dhoruba huonyesha mizizi yake tu.

Tatu, alama ya hakika ya nguvu ya Mungu ni msamaha. Kuvumilia pigo hata mtu mwenye kiburi aweza. Kumwombea mpigaji si kazi ya damu na nyama. Mkatekumeni mwenye ugomvi wa shamba, wa mahari au wa urithi na jirani yake asingoje siku ya kufa ndipo asamehe. Na aanze kabla ya siku ya ubatizo, ili maji matakatifu yasikute mlango wa moyo umefungwa.

Maswali kwa wakatekumeni

1. Isidore alipokea sakramenti zipi, na kila moja ilimpa nini?
2. Kwa nini skapulari si hirizi?
3. Isidore alitii katika jambo gani, na katika jambo gani hakutii? Kwa sababu gani?
4. Ni nani aliyekukosea, ambaye hujamwombea bado? Swali hili lijibiwe mbele ya Mungu tu.